Kinga ya Chuma

Kaka yangu kinyozi alipougua korona akapona, mtaa mzima ukambandika jina: Chuma. Sifa zikamvimbisha kichwa. Wagonjwa waliotaka kunyolewa majumbani walimwita yeye, maana vinyozi wengine waliogopa. Alikwenda bila barakoa, akarudi anapiga mluzi.

"Mimi nishaugua," aliniambia. "Ugonjwa utanitafutia nini tena?"

"Kwani mliandikishana?"

Mama yetu alikuwa na pumu, analala chumba cha ndani. Mimi nauza mboga sokoni, nakutana na kila pua, kwa hiyo mlango wake sikuuvuka, nilimsalimia dirishani. Muuguzi wa zahanati alishatuonya: kuugua mara moja si kinga ya milele, aliyepona anaweza kuubeba tena asijijue. Kaka akasema kazi ya wauguzi ni kutisha watu. Basi, eti kwa kuwa ni Chuma, akawa yeye ndiye wa kumpelekea mama chakula na kukaa naye kitandani wakipiga soga. Niligomba mpaka sauti ikanikauka. Sikio la kufa halisikii dawa. Mama mwenyewe akanigeuka.

"Mwache mwanangu," alisema. "Wewe una mdomo tu."

Asubuhi moja kaka alikuwa uani anasafisha mashine ya kunyolea kwa spiriti. Akainusa chupa. Akainusa tena.

"Hii mmeitia maji?"

Mimi nilikuwa mlangoni, na harufu yake ilinichoma pua. Nikaiziba kwa kiganja. Akaelewa, akaketi kwenye saruji kama mzigo uliotuliwa.

"Jana nimemnyoa mama," alisema. "Uso kwa uso."

Hakuingia tena. Nilivaa barakoa nikaingia mimi, lakini mama hakunitaka. "Chuma, njoo basi, baba," aliita kutwa. Kaka akiitika kutoka uani, "Nakuja, mama," na haendi, machozi yanamtoka. Yeye alipata mafua tu. Mama alianza kukohoa wiki haijaisha, na mwisho wa mwezi haukumkuta hai.

Chumba tumekifunga. Jana nilikuwa nachambua mboga jikoni, nikamsikia kaka uani akiitika, "Nakuja, mama."

Nilitoka nikamkemee, nimwambie hakuna aliyemwita. Nilipofika mlangoni nikageukia chumba cha ndani. Na mimi nilikuwa nimesikia akiitwa.