Ruka Ukisikia Dum

Kazini walimwita Punguza, na hakuwa na kinyongo na jina hilo. Aliandika programu za kuuzia tiketi za mabasi, na kila skrini aliyokabidhiwa kuirekebisha ilirudi na nusu ya vitu vilivyokuwapo. Meneja akiuliza ile alama ya kijani imekwenda wapi, alijibu kwa upole, "Kwani kuna mtu alikuwa anaitumia?"

Basi yalipotangazwa mtandaoni mashindano ya kutengeneza gemu kwa wikiendi moja, na mada ikawa "Kidogo chatosha," Punguza alijiona kama fisi aliyeitwa kuamua ugomvi wa mifupa. Masharti yalikuwa mepesi: unaanza Jumamosi asubuhi, unaupakia mchezo wako kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumapili, ukichelewa mlango umefungwa. Alijua papo hapo anachotaka. Mstari mmoja, kisanduku kimoja, na mashimo. Kisanduku kinakwenda chenyewe. Ngoma ikilia dum, unabonyeza, kinaruka shimo. Ukikosea pigo, kinatumbukia na unaanza upya. Rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na hata hiyo nyeupe aliifikiria mara mbili.

Tatizo ni kwamba Punguza hakuwa na mdundo. Si kwamba alikuwa nao kidogo. Hakuwa nao kabisa. Siku ya harusi yake alipiga makofi kwa namna iliyomfanya mpiga kinanda asimame kukagua nyaya. Kwa hiyo akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa chekechea mwenye kinanda kidogo cha umeme na kipaji cha kuliketisha darasa zima la watoto kwa wimbo mmoja.

"Nakuja," Mwalimu alisema, "ila nakuja na mama. Goti limemvimba, kaambiwa asipande ngazi, na kwangu unajua ni ghorofani."

Mama mkwe ni mama mkwe. Tangu aoe, mama huyo hakuwahi kumsemesha ana kwa ana zaidi ya salamu. Mengine yote yalipitia kwa binti zake, kana kwamba mkwe alizungumza lugha inayohitaji mkalimani.

Wakapanga kazi kwenye meza ya chakula. Mama akawekwa kwenye kochi lililo jirani, mguu juu ya kigoda, na kwa kuwa Mwalimu alikuwa anarekodi ngoma, wakamwomba azime redio. Akaizima. Akakaa akitazama mgongo wa mkwewe.

"Muulize shemeji yako," akasema mwishowe, "hicho kisanduku kinakwenda wapi."

"Shemeji, mama anauliza..."

"Nimesikia. Kinakwenda mbele, mama."

"Muulize kufanya nini."

"Kuruka, mama."

"Na kikisharuka?"

"Kinaruka tena."

Mama aliigeukia redio yake iliyonyamazishwa kwa ajili ya jambo hilo, akashusha pumzi. "Mwambie nimeelewa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa mengi kuhusu ndoa ya binti yake.

Mchana gemu ikawa tayari kuchezwa. Punguza akajaribu kwanza. Akaruka shimo la kwanza, la pili, la tano, akaendelea kuruka huku mabega yakimpanda kwa fahari. Akamsogezea Mwalimu kompyuta. Mwalimu akatumbukia. Akarudia, akatumbukia palepale.

"Hii kitu ni mbovu," alisema.

"Mbovu vipi, na mimi naruka?"

"Hebu ruka nikuone."

Akaruka. Safari hii Mwalimu hakutazama skrini, alitazama kidole cha shemeji yake, na mara akaanza kucheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Shemeji! Ngoma inasema dum leo, wewe unaruka kesho!"

Ikabainika kwamba Punguza aliyapanga mashimo kwa mkono wake mwenyewe: alisikiliza ngoma, akabonyeza pale alipohisi pigo, na kila alipobonyeza programu ikachimba shimo. Yote yalichelewa, tena hayakuchelewa kwa kipimo kimoja. Ulikuwa mchezo ambao duniani kote ungechezwa na mtu mmoja tu.

"Labda kinanda chako ndicho kinachowahi," Punguza alijitetea.

Mkewe, mfamasia, aliingia kutoka kazini na koti jeupe bado mwilini, akafanywa hakimu kabla hajavua viatu. Akatumbukia. Wakamwambia arudie. Akatumbukia. Akamtazama mumewe kwa huruma ile anayowapa wagonjwa wanaonunua dawa ya nywele kuota. "Mpenzi," alisema, "kumbuka harusi."

Punguza akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya nyuma, karibu na kamba ya nguo. Iliuma. Hakujali kuitwa hajui kucheza ngoma, hilo alilizoea. Lakini hii ilikuwa hesabu, na hesabu haikuwahi kumsaliti. Mwalimu akamfuata, akakaa ngazi ya chini yake.

"Sikiliza. Kile kisanduku kinavyopanda na kushuka, mimi nisingeweza kukifanya hata kwa mwaka. Kinashuka kama kina uzito. Hiyo ni kazi yako. Niachie mimi mashimo tu."

"Na vipepeo?" Punguza aliuliza kwa shaka, maana tangu asubuhi Mwalimu alikuwa anaomba vipepeo, nyota, na jua linalocheka.

"Kipepeo mmoja."

"Hapana."

"Basi angalau mlio kisanduku kikitua. Tu! Kidogo hivi."

Punguza alifikiri. "Mlio sawa."

Wakarudi ndani. Mwalimu akachukua mwiko, akagonga meza, na Punguza akayanakili mapigo ya mwiko, moja baada ya jingine. Walipomaliza, mchezo ulikuwa kitu kingine. Mkewe akaruka huku anamenya viazi kwa mkono mmoja. Jirani aliyekuja kuazima pasi akaruka, akasahau pasi. Kila mtu aliruka isipokuwa mwenye gemu. Punguza alitumbukia shimo la kwanza kila mara, kama mtu aliyejenga nyumba, akagawa funguo, na sasa anabisha hodi hakuna anayemsikia.

Jumapili alasiri kilichobaki kilikuwa kufungasha mafaili na kuyapakia. Punguza akaenda kuoga ili amalizie kazi akiwa msafi. Mwalimu, aliyeona kidole cha mama yake kikigongagonga kwenye kochi tangu jana, akampelekea kompyuta mapajani. "Jaribu mama, mara moja tu."

Punguza alitoka bafuni saa kumi na moja na ushee, akamkuta mama mkwe na miwani puani, mguu mgonjwa ukipiga hatua juu ya kigoda, kidole kikianguka juu ya kitufe kama tone la maji kwenye sufuria. Kisanduku kilikuwa kinaruka. Kikatua: tu! Kikaruka.

"Yuko hapo tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu umeingia kuoga," Mwalimu alisema. "Alikosea mwanzoni, halafu akaacha kukosea. Mwisho wake uko wapi?"

Hapo ndipo jasho jipya lilipomtoka. Mwisho haukuwapo. Mashimo yakiisha yalijirudia yenyewe daima dumu, kwa sababu hakufikiri kwamba kuna binadamu angedumu.

"Mama, samahani kidogo..."

"Sss!"

Akamgeukia mkewe. "Mwambie mama tunaihitaji kompyuta."

"Mama, wanaihitaji kompyuta."

"Nikitumbukia nitawapa," alisema mama bila kuinua macho. Lilikuwa jibu la haki, na ndilo lililotisha.

"Shemeji, si uizime tu?" Mwalimu alipendekeza.

"Nimzimie mama mkwe? Mbele ya macho yake?" Afadhali akose mashindano kuliko kuhadithiwa na ukoo mzima kwamba alimpokonya mama mkwe kitu mikononi. Faili zote zilikuwa mle mle. Saa ya ukutani haikumwonea mtu huruma.

Ila kadiri alivyosimama pale akimtazama, kitu kingine kilimwingia. Mama alikuwa anatabasamu. Si kwa mtu, kwa kisanduku tu, kile kisanduku ambacho yeye ndiye aliyekipa uzito. Furaha ikamzidi kimo, akasahau saa, akaanza kumshangilia kwa makofi.

Kidole cha mama kikasita.

"Endelea!" Mwalimu alinong'ona kwa nguvu. "Piga, shemeji, piga kama harusini!"

Punguza akapiga kwa moyo wake wote. Makofi yakaangukia kila mahali isipokuwa penye pigo. Mama akakunja uso, akayumba, akajitahidi kuishika ngoma iliyokuwa inazama chini ya makofi, na kisanduku kikatumbukia.

Mama mkwe akavua miwani polepole na kumgeukia yeye, si binti zake.

"Wewe. Nani alikufundisha kupiga makofi?"

"Sikufundishwa, mama."

"Inaonekana," alisema, akamkabidhi kompyuta.

Wakapakia mbio mbio, Mwalimu akitaka maelezo marefu ya mchezo, Punguza akiandika neno moja, "Ruka." Upau wa kupakia ulitambaa kwenye skrini kama konokono, ukajaa, na mlango wa mashindano ukafungwa nyuma yao karibu ubane kisigino.

Hawakushinda. Walishindwa na gemu ya paka anayefanya kazi forodhani, na wakaangukia katikati ya orodha, ingawa kwa upande wa sauti walisifiwa sana na Mwalimu akahakikisha chekechea nzima inajua. Mchezaji mmoja aliandika kwamba ameunguza sufuria kwa kushindwa kuacha kuruka. Mama, goti lilipopona, alirudi kwake, na Mwalimu akamwekea mchezo kwenye simu.

Siku moja mchana, ofisini, simu ya Punguza ililia na jina la mama mkwe likatokea, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Sikiliza. Gemu yako haina pa kupumzikia. Jana mtu kabisha hodi, nami niko katikati. Nimemwacha mlangoni hadi akaondoka."

"Alikuwa nani, mama?"

"Yule anayenikanda goti."

"Pole, mama. Nitakuwekea."

"Niwekee leo," alisema, akakata.

Punguza alipoinua kichwa, ofisi nzima ilikuwa imesimama ikimtazama, mikono vifuani.

"Ni mama mkwe," aliwaeleza. "Anataka mahali pa kupumzika."

Wakaanza kumpa pole mmoja mmoja, na meneja akamwambia achukue siku anazohitaji.