Suzuki ya Kukodi, Njia ya Kilelengwani

Mwanangu Gona alimdanganya mwenye gari. Alimwambia tunakwenda Gede kutazama magofu, jioni tutarudi. Yule bwana wa Malindi akanitazama mimi na leso zangu mbili na kapu langu la mikate, akacheka.

"Leo umeamua kumtembeza mama?"

"Hajawahi kutembezwa," Gona akajibu, akatia sahihi.

Ilikuwa Suzuki ndogo nyeupe wanayokodisha watalii, haina paa, mlangoni imechorwa samaki wa bluu. Kwenye kiti nilikuta ramani ya karatasi yenye picha za miavuli ya ufuoni. Niliigeuza huku na huku. Ramani ile iliishia Mambrui, na sisi tulikuwa tunakwenda Kilelengwani kumtafuta binti yangu Dama.

Huo ulikuwa mwezi wa kwanza, mwaka wa tisini na nane, mvua za Elnino zimeifanya Tana isijue tena kingo zake. Dama alikuwa huko shambani na watoto wawili, Linda wa miaka sita na Gunga aliyekuwa bado ananyonya. Mumewe alikuwa Mombasa kazini. Maji yalipoanza, Dama alinitumia mtu wa lori aniulize: mama, nije? Mimi nikamrudishia jibu: kaa ulinde mpunga wako. Nililima huko miaka kumi na minane kabla miguu haijanishinda, na Tana niliyoijua mimi huja siku kumi, ikaondoka, ikaacha tope zuri jeusi. Tangu jibu hilo, miezi miwili, sikupata neno.

Barabara ya Malindi ilipofunguka tu, tukaondoka. Garsen tulikuta soko la mifugo tupu, maana kulikuwa na ugonjwa unaoua mbuzi na watu pamoja. Muuza duka mmoja alituambia malori yanakwenda Witu kwa kubahatisha, na watu wa Kilelengwani, waliosalia, wamepanda kwenye ardhi ya juu.

"Waliosalia?" nikauliza.

Akajifanya anapanga sabuni.

Tulipoacha barabara ya Witu na kukata kulia, tulifika bondeni penye maji. Gona alivua viatu, akatangulia na fimbo. Maji yalimfika magotini. Akaichomeka fimbo ukingoni iwe alama, akarudi, tukapita, injini ikilia kama mtu mwenye pumu. Ng'ambo ilikuwa mchanga, miti ya mikoma na miiba. Miiba ilitukwaruza mikono kwa sababu gari halina paa, na juu ya matawi walikuwa nyoka wamejikunja, wamekimbia maji kama watu. Tulikwenda mashariki hadi njia ikaingia majini. Tukageuka, tukaenda magharibi, njia ikaingia majini. Tukajaribu kusini, mti kwa mti, Gona akishuka kukata matawi, mimi nikiita, "Dama! Dama ee!" Kila njia ilishuka majini kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Tuliporudi pale bondeni, ile fimbo haikuonekana tena.

"Mama," Gona akasema, "tuko kisiwani."

Nilitaka kulia, lakini nilijiambia, ukilia, huyu ataendeshaje?

Ndipo tukaona moshi. Alikuwa mama wa Kiorma, mtu mzima kama mimi, anafukiza ndama kufukuza mbu. Alikuwa na ng'ombe wawili na ndama mmoja, waliosalia katika kundi zima. Jina lake Gumato. Alilizunguka gari lote kabla ya kusema kitu.

"Gari hii nani amenyoa kichwa?"

Nilimpa mkate. Akaurudisha taratibu. "Nimefunga, dada. Ramadhani." Nikamuuliza watu wa Kilelengwani. Akanyoosha mkono kusini. "Wakulima? Ile mikoma mirefu. Watu mingi. Mama na watoto pia iko."

Nikamshika mkono. "Njia inapitika?"

"Napitika! Jana mimi napita, narudi."

Gona hakungoja zaidi. Tulishuka pale alipotuonyesha, nyayo za ng'ombe zikiwa bado mbichi kwenye tope. Maji yakafunika magurudumu, yakamfunika yule samaki wa mlangoni, yakaingia miguuni kwangu yakiwa ya baridi. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Gari likaelea kidogo, likainamia upande wangu. Nilipanda juu ya kiti, kapu likanitoka, nikaiona mikate ikienda zake. Nilibaki na miwili tu niliyokuwa nimeifunga kwenye nailoni. Gumato aliingia majini hadi kifuani, akanivuta kwa leso kama anavuta mbuzi.

"Ulisema inapitika!" Gona alifoka tulipofika ukingoni.

"Napitika! Ng'ombe naogelea, mimi nashika mkia. Wewe nataka njia ya gari? Mimi najua gari?"

Gona alikaa chini kwenye tope. Gari la watu lilikuwa limebaki vioo tu. Sisi tuliuliza kama watu wa barabara, na yeye alijibu kama mtu wa ng'ombe. Nani wa kulaumiwa?

"Nipeleke mimi kwa huo mkia," Gona akasema.

Gumato alimpima juu hadi chini. Mwanangu ni mpishi wa hoteli. "Na tumbo hii? Ng'ombe yangu ina njaa, nazama. Mama nyepesi. Mama naenda."

Mimi ng'ombe nawaogopa tangu utoto. Na kuogelea sijui. Nilifunga ile mikate kichwani kwa leso, nikasema Bwana nipokee kama umekusudia.

"Usishike juu, shika karibu na nywele. Usivute. Nyamaza," Gumato akaniambia, akatangulia na ng'ombe wake wa pili.

Maji yalikuwa mapana kama viwanja viwili vya mpira. Nilimeza maji yenye ladha ya samadi. Katikati miguu yangu haikugusa kitu, na yule ng'ombe alipumua kwa shida hata nikamwonea huruma, nikajaribu kujifanya mwepesi zaidi. Kisha nikasikia mchanga chini ya magoti.

Palikuwa na watu kama arobaini, wamejibanza chini ya makuti. Jirani yangu wa zamani, Charo, aliniona wa kwanza. Alivua kofia.

Dama alikuwa ameketi, macho makubwa, mifupa ya mabega imetoka. Linda amelala mapajani pake. Nikatazama mgongoni mwa Dama, nikatazama nyuma yake, nikatazama kwa wanawake wengine.

"Homa, mama," akasema. "Siku tatu. Juzi asubuhi. Charo alimchimbia pale, ndipo palipokuwa pakavu."

Nikapiga magoti, nikalowesha mkate, nikamlisha Linda tonge dogo dogo, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Sauti ya Gona ikaja juu ya maji. "Dama yupo?"

Nikamsimamisha Dama, nikamshika kiuno, akapunga mkono.

"Linda?"

Nikamwinua Linda juu kadiri nilivyoweza.

"Na Gunga?"

Akaita tena. "Mama! Na Gunga?"

Gumato alikuwa ameshawageuza ng'ombe wake, maana ndama wake alibaki kule na jua lilikuwa linashuka. Akanitazama. "Mimi namwambia nini?"

Niligeuka nikatazama pale Charo alipochimba.

"Mwambie arudi barabarani kwa namna yoyote, atafute mtumbwi," nikasema. "Mtumbwi wa watu watatu."

Gumato akatuhesabu kwa macho, mimi, Dama, Linda. Akashika mkia, akaingia majini. Kule ng'ambo Gona alikuwa bado anaita.