Mwaka Niliomwongezea Binisha

Watu wa Lasune watakwambia mimi ni mwongo, na sibishani nao. Ni kweli niliwahi kusimulia kwamba nilimwandikisha mtoto aliyezaliwa juu ya pembea la kuzunguka wakati wa sikukuu ya Dashain, nikawa napanda na daftari, kila mzunguko naongeza herufi moja ya jina lake. Niliwahi pia kusema kwamba chui alinishikia kidau cha wino kwenye daraja la kamba. Chui yule simkani hata leo. Lakini hili la Binisha ni kweli tupu, na ndilo pekee ambalo ningependa liwe uongo.

Nilikuwa karani wa kata kwa miaka thelathini na mmoja. Kila aliyezaliwa Lasune alipita chini ya kalamu yangu. Cheti cha kuzaliwa huku kwetu kina tarehe mbili, ya kwetu na ya Wazungu, na mwaka wetu umewatangulia wao kwa miaka hamsini na saba. Makarani wenzangu hawakuthubutu kuandika kitu bila kufungua patro, kile kitabu cha kalenda kinachoning'inia ukutani kwa kila mtu. Mimi sikukigusa. Nilitoa hamsini na saba kichwani, nikagonga muhuri, nikaita mwingine.

Hata nilipostaafu, mchezo uliendelea kwenye kibanda cha chai cha Gopini. Thapa, mzee mwenzangu mwenye nyati wengi na meno machache, ndiye aliyekuwa akinijaribu.

"Haya, Babu Patro! Tarehe tano mwezi wa Jeth, mwaka wetu wa elfu mbili arobaini na mbili!"

"Mei kumi na nane, themanini na tano," namjibu kabla hajafunga mdomo. "Jumamosi. Mkeo alikuwa amekununia."

"Lo! Hata hilo liko kwenye kalenda?"

"Hilo liko usoni mwako mpaka leo."

Basi. Binisha ni mjukuu wa marehemu mdogo wangu. Baba yake yuko Qatar anajenga maghorofa ya watu, mama yake Manrupa ndiye aliyemlea. Mtoto yule Mungu alimpa mguu wa kushoto, halafu akapumzika. Siku moja alipiga kona ikapinda, ikazunguka nyuma ya nyati wa Thapa, ikaingia golini. Sawa, nyati nimemwongeza mimi. Kona ni ya kweli.

Mwaka huu akaitwa kambini Kathmandu, timu ya wasichana chini ya miaka kumi na saba. Walikuwa waende Tashkent kwenye mchujo wa ubingwa wa Asia, mechi tatu, na timu moja tu katika kundi ndiyo ingefuzu. Akanipigia simu.

"Babu, nikuletee nini kutoka Tashkent?"

"Niletee mke."

"Wa umri gani?"

"We mlete tu. Umri naandika mimi."

Akacheka mpaka simu ikakata.

Siku ya pili ya Dashain nilikuwa kwa Gopini na Thapa na wengine watatu, tukizungumzia bei za mbuzi, mara Manrupa akaja. Hakuingia. Kwetu mkwe haingii walipokaa wazee wa mumewe, hampandishii sauti baba mkwe, wala hampingi. Alisimama nje, mtandio ukiwa umemfunika kichwa, akazungumza na vidole vyake vya miguu.

"Baba, kocha amepiga simu. Pasi ya kusafiria ya Binisha imetoka leo. Imeandikwa amezaliwa Januari mbili, elfu mbili na nane."

"Ehe?"

"Mashindano ni ya waliozaliwa kuanzia Januari mosi, elfu mbili na tisa. Wameiandika pasi kufuata cheti. Na cheti..." Akauvuta mtandio. "Mimi nilimzaa mwezi wa Paush, tarehe kumi na nane, mwaka wetu wa elfu mbili sitini na tano. Katibu wa kata amefungua patro, anasema hiyo kwa Wazungu ni elfu mbili na tisa. Anasema ataandika barua ya kusahihisha sasa hivi, ila aliyeandika cheti akiwa hai lazima aje aseme mwenyewe kwamba kalamu iliteleza. Kocha yuko mlangoni pa ofisi ya pasi. Barua ikimfikia kwenye simu, pasi ya haraka inatoka leo leo. Kesho majina yanafungwa. Na ofisi yetu inafungwa saa tisa, Baba, mpaka Dashain iishe."

Ilikuwa saa nane kasoro.

Kama angenikuta peke yangu, ningekwenda. Najiambia hivyo. Lakini Thapa alikuwa ameshaweka kikombe chini, macho yamemtoka kama aliyeokota pochi.

"He! Babu Patro amekosea?"

Wote wakanigeukia. Miaka thelathini na mmoja ikanigeukia.

"Mkono huu?" nikasema, nikauinua waone. "Mkono huu haujasahihishwa na mtu tangu enzi za mfalme. Nenda nyumbani, mkwe wangu, ukakumbuke vizuri. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anajua tarehe gani? Labda ulizaa mwaka mmoja kabla, ukasahau."

Wakacheka. Thapa alicheka mpaka chai ikampalia. Gopini peke yake hakucheka. Alikuwa akikoroga sufuria, mkono ukasimama.

Manrupa hakuondoka mara moja. Alikuwa na la kusema, na lilikuwa la kweli, na mimi ndiye mtu pekee katika ukoo mzima ambaye hakuruhusiwa kumwambia.

"Ndiyo, Baba," akasema, akaenda zake.

Nikaagiza chai ya pili. Nikasimulia habari ya chui.

Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo kitu kikaanza kunitafuna. Paush. Kila mwezi mwingine nilikuwa nikiukanyaga bila wasiwasi, lakini Paush umekaa vibaya: katikati yake Wazungu huanza mwaka mpya, sisi tukiwa bado kwenye mwaka wetu wa zamani. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka wetu hutoi hamsini na saba, unatoa hamsini na sita. Mtoto wa karani wa mwezi mmoja anajua hilo. Nikafungua sanduku, nikatoa patro ya mwaka sitini na tano iliyoliwa na mende, mara ya kwanza maishani kuifungulia kazi. Paush kumi na sita, mwaka wa zamani. Kumi na saba, Januari mosi. Kumi na nane.

Mtoto alikuwa ndani ya mlango kwa siku moja tu, na mimi nilikuwa nimemtoa nje kwa mwaka mzima.

Nilikimbia. Nina miaka sabini na minne na nilikimbia, watu wakatoka nje kutazama. Kufuli lilikuwa limeshaning'inia mlangoni pa ofisi ya kata. Nikampigia katibu.

"Mzee wangu, niko kwenye basi naenda kwetu," akasema. "Muhuri nimeufungia ndani. Nilikusubiri mpaka saa tisa na dakika kumi. Yule mama alikaa kwenye ngazi muda wote, nikamuuliza, 'Anakuja?' Akasema, 'Atakuja.'"

Nikampigia kocha. "Mimi ndiye karani niliyekosea! Mimi mwenyewe!" Nilipiga kelele kama anayeokoa nyumba inayoungua.

Alikuwa mwanamke mpole, amechoka. "Babu, bila barua siwezi kitu. Kila timu ina babu anayesema mtoto alizaliwa mwaka mwingine."

Binisha alirudi na basi siku ya nane, mbuzi wakichinjwa kila ua. Viatu vya mpira alikuwa amevifunga kamba, amevivaa shingoni. Alinipita.

Siku ya tisa wenzake walicheza mechi ya mwisho. Walikuwa wameshashinda moja na kutoka sare moja. Hii dhidi ya wenyeji ilibidi washinde. Tuliitazama kwenye simu ya Gopini, ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Dakika ya themanini na nane, sifuri kwa sifuri, tukapata kona. Aliyekwenda kuipiga alikuwa msichana wa mguu wa kulia, aliyevaa jezi ambayo ingekuwa ya Binisha. Sikujua kwamba Binisha mwenyewe amesimama nyuma yetu.

"Piga fupi," akasema kwa sauti ya chini. "Nguzo ya karibu."

Mpira ukaruka juu ya vichwa vyote, ukatoka nje upande wa pili. Refa akapuliza baadaye kidogo, wasichana wakakaa chini kwenye nyasi za watu. Nilipogeuka, nyuma yetu hapakuwa na mtu.

"Ungekwenda tu, wewe," Thapa akaniambia.

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka. Mimi si karani."

Siku ya kumi ndiyo ya tika. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo wote hupanga foleni mbele yangu niwabandike mchele uliochanganywa na mtindi na rangi nyekundu kwenye paji la uso, niwachomeke machipukizi ya shayiri kichwani, niwabariki. Manrupa akaja amefunika kichwa, akapokea, akainamia miguu yangu, akaondoka. Nilitaka kumwambia neno. Siku ile mzee hutoa baraka tu, haombi kitu.

Kisha akaja Binisha. Nikambandika tika, mchele mwingine ukamdondokea puani. Nikaanza maneno yanayosemwa kwa kila mtoto.

"Uishi miaka mingi, Mungu akuzidishie miaka—"

"Miaka niachie, Babu," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulishanizidishia mmoja. Nibariki kingine."

Nikatafuta kingine. Mtu niliyemtafutia chui kazi ya kushika wino, sikupata neno.

Kwetu mkwe huinamia miguu ya mzee, lakini binti wa ukoo hainamii. Mzee ndiye huinamia ya binti. Kwa hiyo nikainama, magoti yakilia, nikanyoosha mikono yote miwili.

Akaurudisha nyuma mguu wa kushoto, akaniachia wa kulia.