Majani Mawili na Kitufe Kimoja

Akina mama wauza ndizi wa Old Moshi walimwekea Hilaria sharti: Jumamosi alete programu itakayofunguka katika simu zote mbili, Androidi ya mwenyekiti na aifoni ya katibu. Akifaulu, kazi ya kukitengenezea kikundi programu ni yake. Akishindwa, itakwenda kwa fundi wa Dar es Salaam.

Alhamisi ilimkuta hajui kutengeneza hata kitufe. Hakuwa mvivu, njia ndizo zilizokuwa nyingi. Alianza kwa mwalimu Eliufoo afundishaye Flutter, njia mojawapo ya kuunda programu za simu. Somo la pili akasikia kwamba njia nyingine, React Native, ndiyo yenye ajira, akamtoroka na kuhamia kwa mwalimu wake, Primus wa mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Somo la tatu akaona video ikisifu njia nyingine nne, akamtoroka na huyo.

"Rudi kwa mmoja wao," mama yake, Kornelia, alimwambia.

"Kwa uso upi, mama? Nimewakimbia wote."

"Na isale iliyojaa mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, umedhani ni pambo?"

Kwa Wachagga jani la isale ndilo ombi la msamaha, na aliyepelekewa halikatai. Hilaria alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hofu ikamshinda, akakata majani mawili. La kwanza alimpelekea Eliufoo adhuhuri, la pili Primus alasiri, ili mmoja akikataa abaki na mwingine.

Ijumaa saa nane wakawasili wote wawili nyumbani kwao Hilaria, kila mmoja na kompyuta yake, kila mmoja amesamehe.

"Huyu amefuata nini hapa?" Eliufoo aliuliza.

"Nimeletewa isale."

"Hata mimi!"

Kornelia akawawekea mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Wakala wakibishana.

"Kwangu mtu huandika mara moja, simu zote zikatii," alisema Eliufoo.

"Kwani kwangu huandika mara ngapi? Na ajuaye kutengeneza tovuti huwa amefika nusu ya safari."

"Hilaria hajui kutengeneza tovuti!"

"Wala hiyo Flutter yako haijui!"

"Walimu wangu," alisema Hilaria kwa unyenyekevu, "sijui chochote kabisa, na sasa ni saa kumi."

Kornelia akaweka upawa chini. "Nani alipokea jani kwanza?"

"Mimi," alisema Eliufoo.

"Basi ni Flutter."

"Mama, elimu huchaguliwa hivyo?" Primus alilalamika.

"Wewe ya kwako uliichaguaje?"

Primus akakuna kidevu. "Shemeji yangu alikuwa na kitabu chake."

Kwa kuwa alikwisha kusamehe, hakuweza kuondoka kwa hasira. Tena ikadhihirika kwamba kompyuta yake, ya kampuni ileile ya aifoni, ndiyo pekee iliyoweza kuingiza programu kwenye aifoni. Akabaki, akiitumikia Flutter kwa uso wa mfiwa. Hadi magharibi Hilaria alikuwa amepata kitufe kimoja. Ukikibonyeza, maandishi makubwa ya kijani hutokea: NDIZI ZIMEFIKA.

Jumamosi, baada ya Primus kuiingiza programu katika simu zote mbili, mwenyekiti Redempta alibonyeza. NDIZI ZIMEFIKA. Katibu akabonyeza aifoni yake. NDIZI ZIMEFIKA. Wakabonyeza tena na tena, wakisomeana kwa sauti kuu, hata akina mama wa nyuma wakajitwika matenga, wakakimbilia barabarani kupokea lori.

Lori halikuwapo. Wakarudi wakihema, wamekunja nyuso, na Hilaria akaanza kumtafuta fundi wa Dar es Salaam kwa macho.

"Simu zote zimeitii programu," alihukumu Redempta, "na watu pia. Kazi ni yako, binti. Ila kabla ya yote, tuwekee kitufe cha kusema hazijafika."

Hilaria akawageukia walimu wake. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufungua kompyuta.