Mlango wa Magharibi

Ukuta ulikuwa umefika kifuani pa mtu pale mshonaji mzee aliposimama nje yake, kichupa cha mafuta mkononi, akaanza kuupapasa taratibu kama mtu apapasaye paji la mgonjwa.

Tangu enzi za mababu, nyumba ya kaburi la walii yule ilikuwa na milango miwili. Waislamu wakiingilia mashariki, watu wa kanisani magharibi, na ndani wote wakiketi juu ya mkeka mmoja, kila mtu akimnong'oneza Mola haja yake. Juma lile kamati mpya iliamua kuuziba mlango wa magharibi. Kazi akapewa mwashi, mtu wa safu ya mbele msikitini, ambaye baada ya sala ya alasiri angetangazwa kuwa mjumbe wa kamati hiyo hiyo.

"Ndiyo nini tena hii, mwanangu?" mshonaji akamuuliza.

Mwashi, aliyekuwa akijenga kwa ndani, akainamia karai la saruji. Aliyejibu ni katibu wa kamati, kutoka kitini kwake karibu na kaburi.

"Tofali hizo, bibi. Huko kwenu hamna?" Vibarua wakaangua kicheko.

"Tofali nazijua. Nataka kuingia."

"Kanisani kwenu hakujafungwa. Nenda, kuna feni kule."

"Mtoto wangu hakufia kwenye feni. Alifia humo, mapajani mwangu, nilipomleta kuombewa. Robo saa tu, baba."

Katibu alikuwa mtu wa utaratibu. "Kanuni imeandikwa. Asiye Muislamu haingii, ila mwanamke mwenye maharimu Muislamu, mtu wake wa damu au wa ziwa asiyeweza kumwoa. Huyo amsimamie, tumpitishe mashariki. Unaye? Mtaje, uingie sasa hivi."

Mwiko ukasita hewani.

Wiki aliyokufa mtoto yule, mama yake mwashi naye alifariki katika uzazi, na mshonaji akamchukua kichanga wa jirani akampa ziwa lililokuwa bado linatiririka. Miaka miwili mwashi alikunywa riziki ya mtoto yule marehemu. Na sheria hakuwa haijui. Aliisoma chuoni, akawafundisha wengine: aliyekunyonyesha ni mama yako. Yalitosha maneno matatu, na katibu mwenyewe angeinuka kumfungulia mama wa watu njia. Lakini utotoni walimwita "ndama wa kanisa", na ilimgharimu miaka thelathini ya safu ya mbele kulizika jina lile.

"Fundi, mbona umeganda kabla ya saruji?" katibu akatania. "Au unamfahamu bibi huyu?"

Mshonaji alikuwa akimtazama. Hakusihi, hakukunja uso. Alingoja tu, kama alivyomngojea zamani ajifunze kutamka.

"Alikuwa akitushonea nguo," mwashi akasema.

"Nani hajashonewa nguo mjini hapa! Haya bibi, unaye au huna?"

"Sina mtu," akajibu. Kisha, bila kupandisha sauti: "Endelea na kazi, fundi."

Tangu azaliwe, hakupata kumwita hivyo.

Hakuondoka. Aliketi chini, mgongo ukutani, akaanza kuomba. Matofali yakapanda mstari juu ya mstari, mpaka likabaki tundu moja karibu na kizingiti cha juu, na sauti yake ikaingilia hapo. Alimtaja mwanawe aliyekufa. Halafu akamtaja na wa pili, jina kamili, na kwa sauti ile ile akamwombea afya na mikono isiyochoka.

Katibu akainuka, akatega sikio. "Anamtaja nani huyo?"

Mwashi akapachika tofali la mwisho, akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka likakaa. Sauti haikukoma, ila maneno hayakutambulikana tena, na katibu akarudi kuketi.

"Mkono wako mwepesi, masha Allah," akamsifu. "Twende, adhana hiyo. Umewekewa nafasi mbele."

Mwashi akabaki kidogo, kiganja juu ya saruji mbichi, ukuta ukimtetemea mkononi kwa sauti ile. Kisha akatafuta maji ya kutawadha.