Kilo Kumi za MaCele

Kwa miaka ishirini na tisa nilipika katika shule moja ya Bergville, na kila Septemba nilifunga chakula cha watoto sitini waliokwenda kupanda milima ya uKhahlamba. Nilifunga, nikalipungia basi mkono, nikarudi kuosha masufuria. Milima naiona dirishani kila siku ya Mungu, lakini kuikanyaga, hata unyayo mmoja! Nilipostaafu nikamwendea Mwalimu Shezi, yule yule aliyekuwa akiwapeleka watoto, ambaye sasa huwapeleka wazee wenzake. Nikamwambia aandike jina langu.

"Naandika, MaCele," alisema. "Lakini shanta lako lisizidi kilo kumi. Likizidi, unabaki chini kulinda magari."

"Mimi? Nilinde magari?"

"Mwaka jana kaka yangu aliyalinda siku tatu. Muulize."

Asubuhi ya safari alikuja na mizani yake ya ndoano, ile ya kupimia viazi, akaitundika kwenye boriti ya baraza yangu. Shanta lake mwenyewe aliliegemeza ngazini. Langu tulilinyanyua wawili. Mshale ukafika ishirini na saba.

"MaCele, kuna mtu humu ndani?"

Akamwaga kila kitu mkekani. Chungu changu cha chuma cha miguu mitatu. Mwavuli. Sahani sita za bati. Mablanketi matatu, kuku wawili wa kuchoma, mayai ya kuchemsha ishirini na manne, na ujeqe wangu, mkate niliouivisha kwa mvuke alfajiri ile, mkubwa kama mto wa kulalia.

"Tunakwenda wangapi?" akauliza.

"Wanne. Mimi, wewe, na Mabizela na mkewe."

"Na mayai haya yote?"

Mkono uliozoea sitini utaijulia wapi nne?

Basi akaanza kupunguza, na alipunguza kama mtu mwenye kisasi. Chungu nje, yeye anacho kisufuria chepesi. Mwavuli nje, nina koti la mvua. Mablanketi nje, akanipa mfuko wa kulalia unaokunjika ukawa kama kabichi. Kitabu cha nyimbo nje.

"Nyimbo zote unazo kichwani, tulikuwa tunazisikia mpaka darasani," akasema. Kisha akachukua kisu, akakata mpini wa mswaki wangu.

"Wee Shezi! Huo ni mswaki wangu!"

"Bado ni wako. Umepungua tu."

Tukapima tena. Kilo kumi na mbili. Akautazama ujeqe.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Ubaki, MaCele. Tutakula biskuti."

Hapo nilikasirika kweli kweli. Biskuti! Mkate wangu umepanda mlima kila mwaka bila mimi, leo mimi nipande bila mkate? Lakini magari nayo yalikuwa yananingoja. Nikautoa kwa upole uliopaswa kumshtua, ila hakushtuka, akaingia ndani kunywa maji. Nikatazama shanta lake pale ngazini. Huyu anapima watu wote, yeye anapimwa na nani? Nikaufunga mkate kwa kitambaa, nikausokomeza chini kabisa, nikafunika kwa sweta yake.

Aliporudi nilikuwa najipepea. Mizani ikasoma tisa na nusu.

"Unaona? Nenda kafunge mlango, nikukazie mikanda," akasema, mpole kama padri.

Tulianza kupanda saa mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, nami niliburudika kweli nilipomsikia Mwalimu akihema kila kona. Shida ni kwamba na mimi nilikuwa nahema. Tisa na nusu zilinivuta mabega kama ishirini. Nikasema moyoni, ndio uzee huu. Nikaogopa. Nikitamka tu kwamba nimechoka, nitarudishwa kwenye magari, na milima nitaendelea kuitazama dirishani hadi kufa. Nikauma meno, nikapanda.

Alasiri tukafika penye isivivane, lundo la mawe ambalo kila mpitaji huongeza lake ili safari iwe njema. Lilinipita kimo. Nikainama kutafuta jiwe.

"Usihangaike," akasema Mwalimu Shezi. "La kwako umekuja nalo."

Nikafungua shanta. Chini ya soksi kulikuwa na jiwe, kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Wewe mzee! Mungu anakuona!"

"Anatuona wote," akajibu, akatoa kitambaa changu ndani ya shanta lake. Mabizela na mkewe walicheka mpaka wakakaa chini. "Harufu niliijua tangu kijito cha kwanza. Miaka ishirini na tisa mkate huu unapanda mgongoni mwangu. Ulidhani wale watoto waliubeba?"

Nikaupokea mkate wangu.

"Walikuwa wanakula hapa hapa, MaCele. Kisha kila mmoja anaweka jiwe. Lililokosekana ni lako tu."

Nilikuwa na matusi matatu tayari, nikayaacha. Niliona fahari, na machozi yalinitoka mbele ya watu. Nikaweka jiwe langu juu ya mawe ya watoto wangu.

Mabizela akanipa kisu. Nikakata vipande vinne, nikawagawia, na mkono wenyewe ukaendelea kukata.