Ndoo ya Ijumaa

Daktari alipopitisha kisu, titi halikukatika kama lilivyotakiwa. Pembeni lilikuwa gumu na la kijivu, kama kipande cha sabuni. Lakini katikati, penye uvimbe, kisu kilizama kama kinaingia kwenye papai lililolala. Harufu ikapanda. Haikuwa ile kali ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ambayo watu wa maabara ile walishaizoea kama mpishi anavyozoea moshi. Hii ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa.

"Limeoza ndani," alisema daktari. "Hii ndiyo ndoo ya Ijumaa? Mbona halina mpasuo hata mmoja?"

Dada aliyeshika ndoo alifungua mdomo. Pale kazini walimwita Bi Ndoo, jina alilopewa na fundi wa vioo vya hadubini, mzee wa utani, kwa kuwa hakuna kilichotoka chumba cha upasuaji bila kupita kwenye ndoo zake. Kabla hajajibu, fundi akamwahi.

"Watu wa upasuaji hao, daktari. Wanaleta vitu mlango ukiwa unafungwa. Mtoto wa watu angefanyaje?"

"Yule muuguzi wao tena," daktari alisema, akitikisa kichwa. "Safari hii nitamfikisha kwa mkubwa wake."

Fundi akamkonyeza Bi Ndoo, kama mtu aliyempa mwenzake zawadi. Bi Ndoo akafunga mdomo.

Titi zima haliachwi zima. Ndilo jambo la kwanza alilofundishwa alipoajiriwa pale, yeye aliyeishia darasa la saba. Formalini hupenya taratibu kutoka nje, na nyama ikiwa nene, ndani huoza kabla dawa haijafika. Kwa hiyo anayepokea hulilaza kifudifudi, ngozi chini, akalipasua kwa kisu kirefu, mpasuo baada ya mpasuo, vipande vikiwa bado vimeshikana kama mkate uliokatwa bila kutenganishwa. Alikuwa ameyapasua mengi, na mkono wake ulisifiwa kwa utulivu.

Ijumaa muuguzi alileta ndoo mapema, jua lingali juu, akatania kidogo na kwenda zake. Bi Ndoo akachukua kisu, akageuza ndoo asome lebo. Jina lilikuwa la mama yake. Chini yake: titi la kushoto.

Mama aliyemzaa hakumjua. Alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa kwenye kanga. Jirani aliyekuwa na mtoto wa kiume mchanga akamchukua, akawanyonyesha wote wawili. "Kaka yako kulia, wewe kushoto," alizoea kusema. "Na ukimaliza lako ulikuwa unamvizia mwenzio." Alijua mama huyu aliyemlea analazwa wiki ile. Hakuwa amefikiria kwamba litakuja mezani kwake.

Alikishika kisu, akakirudisha. Akakishika tena. Mwisho akamimina formalini nyingine juu yake, mpaka mdomo wa ndoo, kama mtu anayemjazia mgeni sahani ili asimwangalie usoni. Akafunika. Akajiambia dawa ni nyingi, itapenya tu. Daktari alikuwa chumba cha pili, anaimba peke yake. Hakumwita.

Sasa daktari alikuwa amevua glavu, amekaa kwenye kiti kirefu. Alikuwa akikusanya uvimbe wa matiti kutoka hospitali kadhaa, apate kujua ni wanawake gani wanaosaidiwa na vidonge na ni wepi vidonge vinawapita bure. Uvimbe ukishakaa vizuri kwenye dawa, hupakwa rangi maalumu. Rangi ikishika, vidonge vitamfaa mwenye nao. Kwenye nyama iliyooza rangi haisemi kweli.

"Kwa utafiti, nitamtoa tu huyu," alisema. "Lakini yeye mwenyewe je? Kile kipande alichotolewa kwa sindano kabla ya upasuaji kilikwisha chote kwenye kipimo cha kwanza." Akavuta kopo dogo lililokuja na ile ndoo, lenye tezi za kwapani. "Hizi ni ndogo, dawa imeziingia. Tuombe tu tukute saratani humu, tupate cha kupaka rangi."

Akaliweka kopo mezani. Fundi naye akaacha kufuta meza. Saratani ikiwa kwapani, ina maana imeshaanza safari. Kila mtu chumbani alilijua hilo.

Mchana Bi Ndoo alikwenda wodini. Mama alikuwa ameketi, bendeji imemzunguka kifua, anamsimanga mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kukoroma.

"Huyu hapa," alimwambia jirani yake. "Si nilikwambia? Waliponiambia linapelekwa kule, nikasema basi, limekwenda kwa mwenyewe." Akacheka, akashika ubavu. "Ulilipasua wewe?"

"Hapana, Mama. Mkono ulikataa."

Mama akamvuta, akamwekea kiganja kichwani, pale pale alipokuwa akimwekea zamani.

"Una huruma wewe. Ulinihurumia."

Bi Ndoo alitamani kiganja kile kimpige.

"Daktari wa huku anasema wanangoja majibu yenu," mama aliendelea. "Vidonge vikinifaa, nitameza nyumbani nirudi kwenye cherehani yangu. Watu wameniachia sare za shule hazijashonwa. Kwa hiyo msinicheleweshe, mwanangu."

"Sawa, Mama."

Alimmenyea chungwa, akaondoka kabla halijaisha.

Maabara alimkuta daktari akinawa mikono.

"Daktari, ile ndoo haikuchelewa. Muuguzi aliileta mapema. Ni mimi niliyerudisha kisu."

Bomba liliendelea kutiririka.

"Kwa nini?"

"Ni la mama yangu. Nililinyonya."

Fundi wa vioo alikohoa, akainamia nta yake ya kugandishia nyama. Daktari akafunga bomba.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Chumba cha pili."

"Ungeniita, ningelipasua mimi. Kazi ya dakika mbili."

"Ndiyo."

"Hiyo 'ndiyo' yako nifanye nayo nini?" Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu. "Kamwombe radhi yule muuguzi. Mimi nina kazi."

Alikwenda. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamfungia mlango.

Siku ya kutazama vioo, fundi alizikata tezi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akazipaka rangi ya awali ya kutafutia saratani, akamkabidhi Bi Ndoo trei bila utani wowote. Bi Ndoo akaipeleka kwenye meza ya hadubini. Alitaka kutoka. Daktari, bila kugeuka, akavuta kiti cha pembeni kwa mguu.

Akakaa, mikono mapajani. Usiku alijaribu kuomba, lakini kila dua ilimgeukia njiani: saratani isipokutwa, hakuna cha kupaka rangi; ikikutwa, imeshaanza safari.

Daktari akainama. Kidole chake kikaanza kusogeza kioo, taratibu, kushoto, kulia, kushoto. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo sakafuni.

Kidole kikasimama.

Daktari akarudi nyuma kidogo, akatazama tena pale pale.